Je, Nywele Fupi Zitanipendeza?

Yako maswali ambayo watu wazima huyacheka na vijana huyakosea usingizi. Moja katika hayo ni hili: nikizikata nywele zangu zikawa fupi, zitanipendeza? Mtu mzima hujibu upesi kwamba nywele ni nywele tu, na zikikatwa zitaota. Ni kweli zitaota. Nywele za kichwani hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwezi, zaidi kidogo kwa wengine na pungufu kidogo kwa wengine. Kwa hiyo aliyekata shibiri moja atangoja karibu miaka miwili kabla ya kuipata tena shibiri yake. Kwa mtu wa miaka hamsini, miaka miwili ni kitambo kidogo. Kwa kijana wa miaka kumi na sita ni sehemu kubwa ya maisha yote anayoyakumbuka, tena ndiyo sehemu ambayo hutazamwa sana na watu.

Basi sitalicheka swali hili. Nataka kulichukua kwa uzito ule ule alio nao mwenye kuuliza, asimamapo mbele ya kioo na kuzishika nywele zake kwa mikono miwili nyuma ya masikio, ili aone uso wake utakuwaje. Chini ya swali lake liko jingine ambalo pengine yeye mwenyewe hajalisikia: kitu kikisemwa kwamba kinampendeza mtu, ni nani anayetoa hukumu hiyo, na kwa haki gani?

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu. Twasema kwamba nywele zimempendeza mtu, au zimemfaa, au zimemchukua. Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni mamoja, lakini si mamoja. Kupendeza ni kusababisha kupenda. Neno hilo halikamiliki mpaka awepo mtu mwenye macho ambaye moyo wake umevutwa na alichokiona. Kufaa hakumhitaji mtazamaji. Jembe humfaa mkulima alfajiri gizani kama linavyomfaa mchana. Na kuchukua ni neno la ajabu kuliko yote mawili. Nguo ikimchukua mtu, au rangi ikimchukua, ni kana kwamba kile kitu ndicho chenye nguvu, kimembeba aliyekivaa, naye ametulia juu yake kama abiria katika chombo kizuri. Anayejiuliza juu ya nywele fupi huwa anauliza mambo matatu kwa pumzi moja: Watu watapenda? Nitapata faida? Nitatulia? Na kwa kuwa hayatengi, akipata jibu la moja hulidhani kuwa ni jibu la yote.

Wako wanaotaka jibu la hakika lisilotegemea maneno ya watu. Kwa hao imetungwa kanuni ya rula, ambayo inahusishwa na msusi wa Uingereza John Frieda, na imeenea mbali. Kalamu ya risasi hulazwa chini ya kidevu. Rula husimamishwa wima chini ya sikio. Kisha husomwa pale zinapokutana. Umbali ukiwa pungufu ya inchi mbili na robo, yaani sentimita 5.7 hivi, mtu huambiwa kwamba nywele fupi zitampendeza. Ukizidi, huambiwa aziache ndefu. Kila mwanafunzi ana rula na kalamu, na sitashangaa ikiwa baadhi ya wasomaji wamekwisha kujipima kabla ya kufika mwisho wa sentensi hii.

Sividharau vipimo. Rula ikisema sentimita tano, ni tano, na ugomvi umekwisha. Lakini hebu tuangalie ni kitu gani kilichopimwa. Kilichopimwa ni umbo la taya. Rula haijui kama nywele ni za singa, ambazo huanguka kando ya mashavu na kuuzunguka uso kama fremu izungukavyo picha, au ni za kipilipili, ambazo husimama na kulifuata fuvu lilivyo. Mwenye nywele za kipilipili akizikata huonyesha mambo ambayo rula haikuyauliza: utosi wake, kisogo chake, paji la uso, na namna masikio yalivyokaa. Tena ndani ya kanuni ile mna uamuzi uliofichwa. Yasemekana kimyakimya kwamba iko sura moja iliyo bora, na kwamba kazi ya nywele ni kuzisogeza sura nyingine zote karibu na hiyo. Taya ndefu ifichwe, taya fupi ionyeshwe. Nani aliyeamua hivyo? Rula haikuamua. Rula imepewa hukumu iliyokwisha kukatwa mahali pengine, nayo inaisoma tu, kama tarishi asomaye barua ya bwana wake. Hapa ndipo wengi hudanganyika, vijana kwa wazee: wakiona tarakimu huacha kuuliza. Sentimita zile ni kweli juu ya taya. Kwamba taya hiyo inahitaji kufichwa ni maoni ya mtu fulani, ambaye hakuwahi kukuona.

Wengine, wakiisha kuiacha rula, hukikimbilia kioo. Kioo, husema, hakina upendeleo. Kweli hakina, lakini kinageuza. Mkono wa kulia ndani yake ni wa kushoto, na nywele zilizolazwa upande huu huonekana zimelazwa upande ule. Jambo hili dogo liliwapa wataalamu watatu wa saikolojia wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, njia ya kufanya uchunguzi ambao waliutangaza mwaka 1977. Walipiga picha za nyuso za watu, kisha kila uso wakautoa namna mbili: namna ulivyo, na namna uliogeuzwa kama kioo kigeuzavyo. Wenye nyuso walielekea kuipenda ile ya kioo. Rafiki zao walielekea kuipenda ile nyingine. Uso ulikuwa mmoja. Hakikuongezwa kitu wala hakikupunguzwa. Kila mtu alipenda upande aliouzoea.

Fikiri, msomaji, jambo hilo lina maana gani kwa mtu atokaye kwa kinyozi. Anapojitazama kwa mara ya kwanza, jicho lake halizilinganishi nywele zake na uzuri. Linazilinganisha na jana. Limekosa kitu kilichokuwapo kila asubuhi kwa miaka mingi, nalo linakitafuta, na lisipokiona husema kwamba uso umeharibika. Rafiki kwa upande wake aweza kukosea kinyume, maana wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mmoja anaomboleza cha zamani, mwingine anashangilia cha kigeni, wala hapana kati yao aliyekwisha kuziona nywele zenyewe. Kwa sababu hiyo naona kwamba hukumu ya siku ya kwanza, ya sifa au ya lawama, isipokewe mahakamani. Ipewe wiki tatu au nne. Mtu akishapita mbele ya kioo bila kushtuka, ndipo anapoanza kuona.

Nimemtaja rafiki, na hapa pana jambo la wajibu ambalo halina budi kusemwa. Hatuwezi kuyakwepa macho ya wengine. Kinyozi hajinyoi, na hakuna mtu awezaye kukiona kisogo chake mwenyewe pasipo msaada. Sehemu kubwa ya kichwa ambayo watu wote huiona ni ile ambayo mwenyewe haioni kabisa. Basi rafiki anapoulizwa, anadaiwa nini? Nasema kwamba deni lake hubadilika kwa saa moja. Kabla ya makasi kupita anadaiwa ukweli wote, hata kama utauma, kwa kuwa ukweli huo bado una kazi ya kufanya: waweza kuzuia mkono. Rafiki anayekuvika kilemba cha ukoka wakati huo, akisema kwamba chochote utakachofanya kitapendeza, ili asikuudhi au ili apate kuona kitakachotokea, amekuuza. Lakini nywele zikiisha kuanguka chini, ukweli ule ule umepoteza kazi. Hauwezi kuzirudisha. Anayekwenda mbio kuwaambia wenziwe kwamba wameharibika, kwa kisingizio cha kusema kweli, ninamshuku kwamba anachokipenda si kweli bali ni sauti yake.

Je, aseme uongo? Hapana, wala hahitaji. Tumekwisha kuona kwamba siku ya kwanza yeye mwenyewe hajui. Anaweza kusema “Sijakuzoea bado,” na atakuwa amesema kweli kamili kuliko yule asemaye “Umependeza” na kuliko yule asemaye “Umechukiza.”

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si rafiki mmoja. Ni kundi. Methali yetu husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wazee waliitumia kumwonya mtu ajiandae kwa msiba uliompata jirani yake. Lakini nimewaona vijana wanaoisoma kama amri, kana kwamba mwenzao akinyolewa ni lazima nao wanyolewe kabla ya jua kuchwa. Mwandishi wa Marekani F. Scott Fitzgerald aliandika hadithi juu ya jambo hili hili, nayo ilichapishwa mwaka 1920, siku ambazo wanawake wa huko walikuwa wakianza kuzikata nywele ambazo mama zao walizifuga hadi mgongoni. Msichana aitwaye Bernice amekwenda kukaa na binamu yake mjini. Hana mazungumzo, na vijana humkimbia. Akifundishwa namna ya kuwafurahisha, anaanza kusema kwa mzaha kwamba anakusudia kuzikata nywele zake. Watu wanapenda mzaha huo, wanamzunguka. Kisha binamu yake, aliyeshikwa na wivu, anamshitaki mbele ya wote kwamba anajigamba tu, hataweza. Bernice hawezi tena kurudi nyuma. Anakwenda kwa kinyozi na kundi zima likimfuata, anaketi kitini, na akiinuka amepoteza kilichokuwa kizuri kwake, na wale waliomhimiza wamegeuza macho.

Katika hadithi ile hakuna aliyemwuliza Bernice kama anataka. Walimwuliza kama anathubutu. Ni maswali mawili yasiyokuwa na udugu, lakini hufanana kwa sura, na kijana aliye mbele ya watu hulijibu la pili akidhani amelijibu la kwanza. Mtu anaweza kuthubutu jambo asilolitaka hata kidogo. Aweza pia kulitaka jambo kwa moyo wote na asithubutu, na huyo namwonea huruma zaidi.

Labda msomaji mmoja atasema: tuwaache marafiki na kundi la rika, maana hao ni watoto, hakimu wa kweli ni mila. Mila imekaa muda mrefu, imeona vichwa vingi. Sawa, tuitazame mila, wala hatuhitaji kutoka Kenya. Kwa desturi ya Wamaasai, morani ndiye aliyefuga nywele ndefu, akazisuka nyuzi nyembamba na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta, ilhali wanawake walinyoa vichwa vyao vikang'aa, na ushanga ukapata mahali pa kuonekana. Anayefundisha kwamba maumbile yenyewe yaliwapa wanawake nywele ndefu na wanaume nywele fupi na aende Kajiado au Narok akalifundishe somo lake huko. Na katika sherehe ya eunoto, inayomtoa morani katika ujana wa vita na kumwelekeza kwenye utu uzima, nywele hizo alizozitunza kwa miaka hunyolewa, naye anayenyoa ni mama yake mzazi.

Hapo hakuna rula wala kioo. Hakuna anayeuliza kama taya ya kijana yule inafaa kwa kichwa kilichonyolewa. Nywele fupi zinampendeza kwa kuwa zimekuja kwa wakati wake, na kila aonaye anajua zimetoka wapi. Ninaiheshimu hukumu ya namna hiyo, na nadhani tulio mijini tumeipoteza bila kupata nyingine iliyo bora. Lakini mila haiwezi kutupa jibu ambalo haikuulizwa. Mila ilijibu swali la morani. Haikujibu la mwanafunzi wa Nakuru au Kisumu ambaye hana sherehe inayomngoja, na ambaye jirani zake wanatoka katika makabila matano yenye desturi tano.

Sasa nifike mahali ambapo msomaji wangu, bila shaka, amekuwa akiningojea. Katika shule nyingi za Kenya swali hili halijadiliwi, kwa sababu limekwisha kujibiwa na kanuni za shule: nywele ziwe fupi. Wavulana hawashangai sana. Wasichana wengi huingia shule ya upili wakiwa wameziacha nywele zao sakafuni kwa kinyozi wiki iliyotangulia. Wenye kuitetea kanuni hii wana hoja, na si haki kujifanya kwamba hawana. Kusuka huchukua saa nyingi ambazo zingeweza kuwa za kusoma au za kulala. Kusuka hugharimu fedha, na katika bweni moja huwamo mtoto wa tajiri na mtoto wa mlezi asiyejua karo itatoka wapi. Vichwa vikiwa sawa, jambo moja la kuwatenga limepungua. Hizi ni hoja za kufaa, na kwa kufaa nazikubali nusu yake au zaidi. Ninachokikataa ni pale mkubwa anapomwambia msichana aliyenyolewa kwa amri, “Lakini mbona zimekupendeza!” Huko ni kuchukua hoja ya kufaa na kuivisha nguo za kupendeza.

Wembe ni mmoja. Humnyoa mfungwa aingiapo gerezani, humnyoa mfiwa katika jamii zinazonyoa kwa matanga, humnyoa mtoto mchanga kwa furaha, humnyoa morani. Vichwa vinne hivyo vikipangwa pamoja, huenda mtazamaji asiweze kuvitofautisha, na bado havina maana moja. Aliyenyolewa kwa amri hawezi kujua kama nywele fupi zinampendeza, kama vile aliyelishwa kwa nguvu hawezi kujua kama chakula kilikuwa kitamu. Ulimi wake ulikuwa na kazi nyingine.

Kwa sababu hiyo wengi hutoka shuleni na chuki ya nywele fupi, na siku ile ile ya mwisho wa mtihani huapa kwamba mkasi hautawagusa tena. Nawaelewa. Lakini naomba waone kwamba mtu anayefuga nywele kwa sababu tu alikatazwa bado anatawaliwa na kanuni ile ile, ila sasa anaitii kwa kinyumenyume. Huenda nywele fupi ndizo zingemchukua kuliko zote, naye hatajua, kwa kuwa mtu mwingine alitangulia kumpa bila kuulizwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 msichana mmoja wa Nairobi alirudishwa nyumbani na shule kwa sababu ya nywele zake za kusokotwa, ambazo alizifuga kwa imani ya Rastafari. Mzazi wake alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Septemba mwaka huo mahakama ilikubali kwamba hiyo ni dini, ikaamuru apokewe tena shuleni. Nadhani uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini uangalie vizuri: mahakama haikuulizwa kama nywele zile zilimpendeza, wala isingeweza kujibu. Iliulizwa kama alikuwa na sababu inayolindwa na katiba. Msichana wa dawati la pili, ambaye hana dini ya nywele bali ana kichwa tu na hamu yake, hakuingia katika kesi ile. Hamu yake ina thamani gani? Sisemi kwamba ivunje kanuni za shule. Nasema kwamba isiitwe upuuzi na watu ambao wao wenyewe hukaa nusu saa wakichagua tai.

Iko fikira nyingine inayowashika vijana: kwamba wakisifiwa vya kutosha, swali litakwisha. Machi 2014 Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na nywele zake siku ile zilikuwa za kipilipili, fupi sana. Dunia nzima ilimtazama na kumsifu. Wasichana waliokuwa wakiambiwa kwamba nywele za namna hiyo ni za shuleni tu, za kuvumiliwa mpaka mtihani uishe, waliziona juu ya kichwa cha mtu aliyeitwa mrembo katika kila lugha. Lakini Novemba 2017 gazeti moja la Uingereza lilitoa picha yake jaladani, na sehemu ya nywele zake ikiwa imefutwa na nyingine kulainishwa ili zilingane na uzuri ambao wahariri waliuzoea. Alilalamika hadharani, na akaombwa radhi. Kama sifa zingekuwa na uwezo wa kumaliza kesi, yake ingalikuwa imemalizika miaka mitatu kabla. Yuko daima mtu mwenye kalamu mkononi anayedhani kwamba kichwa chako ni rasimu.

Sasa nimtaje mwanamke mmoja ambaye kwake urefu wa nywele haukuwa jambo la taya. Muthoni wa Kirima alipigana msituni pamoja na Mau Mau katika miaka ya 1950, akawa mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Fildi Mashali. Msituni hapakuwa na kinyozi wala nafasi ya kumtafuta, na nywele za wapiganaji zilijisokota zikawa alama yao. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengine walinyoa. Yeye hakunyoa. Alikuwa akisema kwamba hatazikata mpaka wapiganaji wayaone matunda ya uhuru walioupigania. Akakaa na nywele zile miaka kumi, ishirini, arobaini, sitini, mpaka zikashuka chini ya kiuno, na mpaka wengi wa waliozijua maana yake wakazikwa. Mwezi wa Aprili 2022, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini, zilikatwa huko Nyeri, na aliyeshika makasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais wa kwanza. Jambo hilo lilizusha mabishano. Wengine waliona kwamba mzee amepumzishwa mzigo. Wengine waliuliza ni matunda yapi aliyoyaona, na kwa nini mkono ule ndio uliochaguliwa. Alifariki Septemba 2023, kwa hiyo aliishi na nywele fupi mwaka mmoja na miezi michache, baada ya kuishi na zile nyingine karibu miaka sabini.

Katika mabishano yote yale watu waliuliza kama wakati ulikuwa umefika, kama ahadi ilikuwa imetimizwa, kama mwenyewe alitaka. Hayo ndiyo maswali ambayo mtu huulizwa anapochukuliwa kuwa mtu. Sioni kwa nini kijana wa miaka kumi na sita asijiulize hayo hayo kwa kipimo chake kidogo. Je, ni mimi ninayetaka, au ninathubutishwa? Wakati wake ni sasa, au nimekasirika leo tu, nimeachwa leo tu, nimefeli leo tu, na makasi yako karibu? Asiye na hakika na akate kwa hatua: kwanza hadi mabegani, akae nazo, kisha hadi kwenye masikio, akae nazo, maana kila hatua hupunguza pengo kati ya jana na leo ambalo jicho hulilalamikia. Sio mzaha kwamba mkasi mdogo humfundisha mtu zaidi kuliko rula.

Kisha kuna mambo ambayo hayamo katika kioo wala katika midomo ya watu, na ambayo huanza kujulikana usiku wa kwanza. Mto wa kulalia hugusa kichwa mahali pasipowahi kuguswa. Upepo wa asubuhi hupita kisogoni, na mtu hugeuka akidhani ameitwa. Maji ya kuoga yanafika kwenye ngozi mara moja, na dakika mbili baadaye nywele zimekauka. Mvua ya ghafula ikiwakuta wanafunzi njiani, wengine hukimbia wakifunika vichwa kwa mifuko na vitabu. Yeye anaweza kuendelea kutembea polepole. Wengine hulipenda jambo hilo hata wasitake kurudi nyuma. Wengine huhisi baridi, na huanza kuhesabu sentimita.